Saini ya Mwenye Eda

Talaka ilitoka saa moja na nusu asubuhi, roshani ikaanguka saa nne na robo. Baina ya mawili hayo Tahiya aliosha vyombo, akazitia nguo zake kwenye mkoba, akazitoa, akazitia tena, mwisho akakaa kitako akaendelea kushona kofia. Mwanamke wa eda hatolewi nyumbani, hilo analijua hata asiyepita chuo cha Kurani, na mwenye kofia aliitaka kabla ya sala ya Ijumaa. Kaachwa, sawa. Kwani viua vya kofia vitajishona vyenyewe?

Ugomvi wenyewe ukisimuliwa mtu atadhani unatiwa chumvi. Siku moja kabla, Tahiya alimpelekea mumewe chakula kazini, kwenye jumba bovu la Kiponda linalogeuzwa hoteli. Msabah ni seremala, tena si seremala wa kubahatisha. Milango yake inapigwa picha na wageni. Alikuwa kapewa kazi ya kuvua roshani ya zamani ya ghorofa ya pili na kutia mpya. Tahiya akamsubiri amalize maneno na tajiri mwenye jumba, akaiegemea nguzo ya roshani, akatia kucha. Kucha ikazama mpaka nyamani. "Msabah," akasema, mbele ya tajiri na mafundi wote, "mti huu ushaliwa na mchwa. Usiukanyage." Mafundi wakacheka. Mmoja akauliza kama kesho atakuja kazini Msabah mwenyewe au atamleta mkewe.

Hayo tu. Asubuhi, kwenye kikombe cha pili cha chai, Msabah akatamka: "Mie mwanamke wa kunifundisha mbao hadharani simuwezi. Nimekuacha talaka moja." Kisha akamalizia mkate wa kumimina uliobaki sahanini, kipande chake na kipande cha Tahiya, akafuta mdomo, akampigia simu ami yake Mkokotoni kumpa habari, akenda zake kazini kuikanyaga roshani.

*

Aliyempigia simu Tahiya alikuwa Mkadam, fundi mwenzake Msabah. "Shemegi, usishtuke," akaanza, na Tahiya akashtuka hapo hapo. "Roshani imekuja chini."

"Na Msabah?"

"Na yeye kaja nayo. Shemegi, njoo hospitali, usikae."

Nguzo ilikatika, Msabah akashuka ghorofa mbili bila ya ngazi, akaangukia rundo la nondo. Moja ilimchana paja pale juu, karibu na kinena, na boriti ikamfuata ikamponda tumbo. Gari haziingii vichochoro vile, basi wakamlaza juu ya ubao wa mlango alioumaliza kuuchonga wiki hiyo hiyo, watu wanne wakambeba mbio hadi barabarani, Mkadam pembeni kambana paja kwa shati lake. Tajiri alikimbia nao nusu ya njia akiuliza mlango utarudi lini.

Tahiya alifika saa tano kasorobo, akakuta ukumbi wa hospitali umejaa. Kwetu mtu akiumia hawaendi jamaa, unakwenda mtaa. Hawakupungua watu arubaini. Walikuwepo majirani wa juu na wa chini, wacheza bao wa baraza nzima, mwanamke aliyewahi kununua kabati kwa Msabah mwaka juzi, na bibi mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa mwengine kabisa, akaona huku kumechangamka zaidi, akahamia. Katikati yao, juu ya benchi, alikaa Bi Mwanapili, mamake Msabah, akilia na kuamrisha watu kwa wakati mmoja.

"Ndo unakuja," akamwambia Tahiya. "Mwanangu anakufa, we ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mama. Nlikuwa nnashona kofia."

"Kofia!" akasema Bi Mwanapili, na ukumbi ukaguna kwa niaba yake.

Tahiya alikuwa na hasira na Msabah za kumtosha mwaka mzima, na hakutaka afe. Mambo mawili hayo yalikuwa yakigombana kifuani mwake tangu alipotoka nyumbani, na hakuna lililokubali kumpisha mwenziwe.

Mlango ukafunguka, akatoka daktari, msichana wa miwani na mtandio wa kijani, koti lake lina damu mpaka viwikoni. Jina lake Nadra. Alikuwa hajalala vya kutosha, ilionekana, na hakuwa na nia ya kulificha hilo.

"Nani hapa jamaa wa karibu wa Msabah?"

Ikanyooka mikono arubaini.

"Wa karibu kabisa. Mama, mke, mtoto mkubwa."

Mikono ikashuka kwa shingo upande. Bibi aliyehamia alikuwa wa mwisho kushusha wake.

"Mke yupo?"

"Mie," akasema Tahiya kwa sauti ndogo, akiomba asiulizwe swali la pili.

"Haya, nisikilizeni, maana muda hatuna. Msabah anatoka damu nje na ndani. Anatiwa damu, kapewa dawa ya kawaida ya kuizuia, na wapasuaji wanamtayarisha. Hayo anayapata kwa vyovyote vile. Lakini hapa tuna utafiti. Kuna dawa ya pili, ya kuisaidia damu igande, tunataka kujua kama inawafaa watu walioumia vibaya kama yeye. Lazima itiwe kabla hazijapita saa tatu tangu kuumia. Mwisho wake saa saba na robo, na kila tukichelewa faida yake inapungua, kama ipo. Nataka ruhusa yenu."

"Kama ipo?" akauliza Bi Mwanapili.

"Hatujui, bibi, ndo maana tunaijaribu. Inaweza kusaidia. Inaweza isifanye kitu. Inaweza hata kudhuru, damu ikaganda pahala pasipotakiwa."

Daktari yule alikuwa mkweli kupita kiasi, na mkweli akishaanza hajui pa kusimama. "Tena nusu ya wagonjwa wanapata dawa, nusu wanapata maji ya chumvi. Vikasha vimefungwa, vina namba, tunachukua kinachofuata. Hata mie sijui ndani mna nini."

Ukumbi ukaripuka.

"Maji ya chumvi! Si tungemchovya baharini Forodhani, bure?"

"Lahaula! Mtu anakata roho, wao wanapiga kura!"

"Kamari hiyo, wallahi. Kamari na roho ya mtu!"

"Mumiani hao," akasema bibi aliyehamia, kwa raha kabisa. "Zamani wakija na magari usiku. Siku hizi wanakuja na fomu."

"Bibi," akasema Dk. Nadra, "mie namtia damu, simtoi. Na mmenikumbusha. Damu ya akiba imetupungukia. Nataka watu watano wa kujitolea, sasa hivi."

Ungekuwepo ungeona ukumbi wa watu arubaini unavyogeuka ukumbi wa watu kumi na wawili. Huyu ana presha. Huyu ana sukari. Yule kakumbuka kaacha chungu mekoni. Aliyekuwa akipiga kelele za kamari akasema angetoa, tena kwa moyo mkunjufu, lakini leo Alhamisi na yeye kafunga sunna.

"Umefunga?" akauliza Mkadam, kifua wazi, mikono imemgandia damu ya watu. "Saa tatu asubuhi hukuwa unakula urojo ubavuni mwangu?"

"Nimefunga baada ya urojo."

Tahiya akakunja mkono wa baibui akaingia chumba cha kutolea damu, na Mkadam nyuma yake. Alipokuwa anatoka, kabana pamba mkononi, muuguzi akamwambia asivunjike moyo, damu yake na ya Msabah haziafikiani, lakini itakwenda kwa mgonjwa mwengine, na Msabah atapewa nyengine kutoka akiba.

"Wala sijavunjika," akasema Tahiya. "Miaka kumi na moja haziafikiani, zitaafikiana leo?"

*

Saa sita ilipogonga, Dk. Nadra akatoka tena. "Mmeamua?"

Hawajaamua. Bi Mwanapili hawezi kuamua jambo bila ya shemegi yake, Mzee Usi, ami yake Msabah, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu marehemu babake Msabah alipoondoka. Simu ilikuwa juu ya mapaja yake, imefunguliwa sauti, na Mzee Usi alikuwa ndani yake, kituoni Mkokotoni, anasubiri gari ijae.

"Asitiwe kitu mpaka nifike mie!" simu ikapiga kelele.

"Utafika saa ngapi, Ami?" akauliza Tahiya.

"Gari imebakisha watu wanne."

"Na hao wanne watatoka wapi?"

"Mungu atawaleta. Wewe nani unaniuliza?"

Tahiya akamgeukia daktari. "Angekuwa kaja peke yake, daktari? Kaokotwa tu, hana mtu?"

"Angekuwa hana mtu, madaktari wawili wangetia saini, tukaanza. Ndio utaratibu. Lakini jamaa wakiwepo, lazima waridhie wao."

"Kwa hiyo angetupwa mlangoni kama paka angeshachomwa sindano."

"Angeshachomwa saa tano na robo."

Hapo Tahiya alifanya jambo ambalo mpaka leo wacheza bao wanalisimulia kwa kuigiza. Akapiga makofi mawili, akaanza kuwasukuma watu. "Haya tokeni! Tokeni nyote! Mama, inuka, twende nje. Mkadam, mshike mama mkono. Hatupo hapa! Huyu mtu hana watu, kazaliwa na mti!" Akafanikiwa kuwatoa wanne, na wawili wakarudi kwa mlango mwengine.

"Dada," akasema Dk. Nadra, "nshakuoneni." Alikuwa karibu ya kucheka au kulia, mwenyewe hakujua lipi. "Saa sita na dakika kumi sasa. Kishapewa chupa tatu za damu, na inatoka kama inavyoingia."

Tahiya akaacha kusukuma watu. Kisha akasema, "Basi niandike mie. Mie mkewe, na mie nimeridhia."

"Mke yupi?" Ilikuwa simu, juu ya mapaja ya Bi Mwanapili. Mzee Usi ana sauti ya mtu aliyeitana baina ya mashua na mashua maisha yake yote, na ukumbi mzima ukapata haki yake. "Nani kasema mke? Yule si mke! Kamuacha leo asubuhi. Kanipigia mwenyewe kunambia, nlikuwa nnapiga mswaki!"

Mwanamke wa kabati, ambaye muda wote alikuwa kamuekea Tahiya mkono begani, akauondoa taratibu. Tahiya alihisi uso unamuwaka. Alikuwa kajipangia kulisema mwenyewe, kwa watu wake, baada ya wiki mbili hivi, kwa namna yake. Sasa limesemwa na spika ya simu mbele ya mtu asiyemjua aliyekuja kumtazama mgonjwa mwengine.

"Tahiya," akasema Bi Mwanapili. "Kweli?"

"Kweli, mama."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kumwambia roshani itaanguka."

Mtu mmoja kwa nyuma alicheka, akajitia kukohoa.

"Msimsikilize!" Mzee Usi akaendelea. "Kaachwa asubuhi, mchana anataka kumsainia sumu! Akifa ntajua kauliwa na nani!"

Na hilo ndilo lililomkaa Tahiya rohoni, kwa kuwa alijua halitabaki kwa Mzee Usi. Akitia saini na Msabah akafa, kuanzia Kiponda mpaka Tumbatu litasemwa hilohilo, na litamfuata kwenye kila harusi na kila hitima, yule pale, yule aliyelipiza talaka yake. Na asipotia saini akafa, hakuna atakayemsema hata kidogo. Watampa pole. Atajisema mwenyewe tu, jikoni, miaka yote iliyobaki. Aliogopa. Angeweza kuuchukua mkoba wake akaondoka, na ukumbi ule ungempisha njia.

"Maalim Wakil yupo?" akauliza.

Maalim Wakil, mwalimu wa madrasa ya mtaani, alikuwepo. Alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje, tangu yalipoanza mambo ya kutoa damu.

"Maalim, nambie mbele ya watu. Mwanamke kaachwa talaka moja asubuhi. Mume akifa mchana, inakuwaje?"

Maalim akasafisha koo, akauingiza na mguu wa nje. "Talaka moja ni rejea, mume anaweza kumrudia mkewe kabla eda haijesha. Akifa mume ndani ya eda, mwanamke anahama eda ya talaka, anakaa eda ya kufiwa."

"Muda gani?"

"Miezi minne na siku kumi."

"Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, haposwi?"

"Haposwi."

Tahiya akainama, akaitwaa simu mapajani kwa mkwewe, akaisogeza mdomoni. "Umesikia, Ami Usi? Akifa leo, kizuka ni mie. Si wewe, si mtu yeyote wa ukumbi huu. Nyie mtakula pilau ya hitima mtakwenda zenu. Miezi minne na siku kumi nakaa mie ndani. Ikiwa kufiwa naye mie mke, basi na kumtilia saini mie mke."

"Urithi!" akapiga kelele Mzee Usi. "Unautaka urithi!"

"Urithi gani, Ami? Randa mbili na hasira zake? Njoo uchukue nusu."

Kicheko kilipita ukumbini, cha aibu, cha watu wasiotaka kuonekana wanacheka. Mzee Usi alikuwa ndo kwanza anavuta pumzi ya kujibu pale Bi Mwanapili aliponyoosha kidole chake chenye hina, akabonyeza pahala pekundu. Simu ikazima. Katika miaka arubaini ya ukwe ule hakuwahi kumkatiza shemegi yake neno.

"Tia saini," akasema. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Akifa ntakulaumu mpaka naingia kaburini, nakwambia kabisa usije ukasema hukujua. Lakini tia."

"Na akipona?"

"Akipona ntasema ni dua zangu."

Dk. Nadra akafungua fomu juu ya benchi. "Nakukumbusha, dada. Yaweza kuwa dawa, yaweza kuwa maji. Ni nusu kwa nusu."

"Nusu inanitosha. Mie nimezoea robo. Niandike wapi?"

Kalamu ya kwanza haikuandika, ya pili ikavuja. Kulikuwa na mstari wa jina, na mstari wa saini, na baina yao mstari umeandikwa *uhusiano na mgonjwa*. Tahiya akautazama. Watu kumi na wawili wakanyoosha shingo.

"Niandikie mke," akamwambia daktari. "Akibisha atabisha mwenyewe."

Ilikuwa saa sita na dakika thalathini na tano.

*

Walimfungua tumbo, wakamtoa wengu, wakamshona mshipa wa paja. Saa kumi kasorobo daktari mpasuaji akatoka akasema damu imesimama, tusubiri usiku upite. Usiku ukapita. Ukapita na wa pili.

Ni nini kilichoisimamisha, hapo kila mtu akawa na lake. Wapasuaji walisema ni kushona kwao. Bi Mwanapili alisema, kama alivyoahidi, ni dua zake. Mzee Usi, aliyefika saa tisa na nusu na kapu la samaki wa kukaanga, alisema ni yasini aliyoisoma njia nzima kutoka Mkokotoni, na abiria walikuwa mashahidi. Mkadam alisema ni shati lake, na kwamba lilikuwa jipya. Yule aliyefunga baada ya urojo alipita mitaa yote akieleza alivyotoa damu. Dk. Nadra peke yake ndiye aliyesema hajui, na hilo likawashangaza watu, mtu kusoma miaka yote ile akaishia kutojua.

Tahiya hakudai kitu. Alikuja asubuhi na alasiri, akamuosha Msabah, akamgeuza, akamlisha. Hawakuzungumzia talaka. Msabah alipozindukana sawasawa alizungumzia mlango, kama umechubuka.

Siku ya tisa Dk. Nadra akaja wodini na fomu nyengine. Msabah alikuwa kakalishwa kwa mito, rangi ishamrudi usoni na ubishi nao ushamrudi. Tangu asubuhi alikuwa akimfahamisha mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba ule mti ulikuwa na unyevunyevu tu. Bi Mwanapili na Mzee Usi walikuwa upande mmoja wa kitanda. Tahiya upande wa pili, anamimina uji.

"Kaka Msabah," akasema daktari, "siku ile ulikuwa hujitambui, tukaingiza jina lako kwenye utafiti kwa ruhusa ya mtu wako. Sasa unajitambua, lazima nikuulize mwenyewe. Ukiridhia tutaendelea kukupima na kuandika habari zako. Na unaweza kukataa. Ukikataa huna haja ya kutoa sababu, hatutokukasirikia, na matibabu yako yatabaki yaleyale."

Tahiya akasita, chupa ya uji mkononi. Ana miaka thalathini na minne, na hajapata kusikia maneno hayo yakikaa pamoja, kwamba mtu anaweza kukataa na asikasirikiwe.

"Mlinitia dawa au maji?" akauliza Msabah.

"Sijui. Tutajua utafiti ukimalizika."

"Na huyo aliyeniruhusia, nani?"

Dk. Nadra akafunua karatasi. "Mkeo."

Msabah akatazama dari. Bi Mwanapili akaanza kuvuta uradi kwa kasi. Mzee Usi akapata jambo la kuchunguza dirishani.

Kisha Msabah akajikweza juu ya mito, kwa maumivu, akatengeneza sauti kama mtu anayetoa zawadi kubwa. "Mnashuhudia nyote. Ami, mama, daktari, mnashuhudia. Nimemrejea mke wangu Tahiya."

Bi Mwanapili akapiga kigelegele. Vitanda vya jirani vikasema mashaallah, na mmoja aliyevunjika mikono yote miwili akaomba radhi kwa kutopiga makofi.

Tahiya akaiweka chupa chini. "Hukuniuliza," akasema.

Msabah akacheka kidogo, akashika tumbo. "Nikuulize nini? Sheria haisemi niulize. Ami, inasema?"

"Haisemi," akajibu Mzee Usi, anatazama bado dirishani.

"Najua haisemi. Wewe siku ile hukuulizwa kwa sababu ulikuwa umezimia. Na ulipozindukana tu, huyu mtoto wa watu kaja na karatasi yake, kakuuliza. Mie sijazimia, Msabah. Nlikuwa macho uliponiacha, nlikuwa macho nlipokusainia, na niko macho saa hii. Niulize."

Miaka kumi na moja Msabah alimuuliza Tahiya kanzu iko wapi, chumvi iko wapi, nani kahamisha patasi. Hili la kuridhia hakujua hata linaanzwa vipi. Akamtazama daktari kama anayeomba msaada.

"Kwanza mueleze faida na madhara," akasema Dk. Nadra, bila ya kucheka. "Huo ndio utaratibu."

"Madhara," akasema Msabah. "Madhara nna hasira za haraka. Mkaidi. Na kuomba radhi sijui, sikufunzwa." Akafikiri muda mrefu, mpaka mgonjwa wa pili akaona haya akageukia ukutani. "Faida siijui, Tahiya. Kama ipo, we unaijua zaidi." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo ami yake hakuwahi kuisikia, akauliza: "Unaridhia nikurejee?"

"Lakini kishakurejea!" akasema Mzee Usi. "Kisheria neno lishapita, hakuna cha—"

"Usi," akasema Bi Mwanapili, "nyamaza."

Tahiya alimtazama mumewe. Hasira zilikuwepo bado, na lile jengine lililomleta hospitali lilikuwepo bado, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anamharakisha.

"Sijui," akasema. "Nshakusikia. Ntafikiri, kisha ntakujibu. Haya, kunywa uji."

Msabah akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Uji ulikuwa hauna sukari ya kutosha, na hakusema kitu.